Lebo ni Sanadi: Magombo ya Muziki na Swali la Nani Aliyepiga

Familia moja miongoni mwa wasomaji wetu, iliyohamia Uingereza katika miaka ya 1960, ilifungua sanduku la bibi yao baada ya arubaini yake. Chini ya kanga na hati za nyumba mlikuwa na sahani za santuri zipatazo ishirini. Wajukuu walizipeleka kwa fundi ili sauti ihamishiwe kwenye kompyuta na kila mmoja apate nakala. Fundi aliifanya kazi kwa bidii. Alizirowesha sahani majini kuondoa vumbi na ukungu, lebo zikabanduka. Mifuko ya karatasi, iliyokuwa imekwisha kuliwa na mende, akaitupa. Zikarudi sauti safi, zimepewa nambari kuanzia moja hadi thelathini na nane. Kisha mjukuu mmoja akatuletea na kutuuliza: "Huyu anayeimba ni nani, na hapa ni wapi?" Sauti ipo, kila neno lasikika. Mwenye sauti hana jina.

Jambo hili halikututoka moyoni. Tumeamua kulizungumza kwa njia ya mzunguko kidogo, kupitia magombo ya karatasi ya vinanda vinavyojipiga, kwa kuwa huko ndiko ugomvi baina ya sauti na karatasi yake unakoonekana wazi zaidi. Hoja yetu ni kwamba lebo si pambo la chombo. Lebo ni sanadi yake. Wanaoutoa upya muziki wa zamani, wawe makampuni, makumbusho au wajukuu wenye kompyuta, wakiitupa sanadi wamekwisha kutupa nusu ya urithi, hata kama matini wameihifadhi yote.

Chombo kinachojipiga

Wazo la chombo kinachojipiga si geni katika maktaba za Waislamu. Wana watatu wa Musa bin Shakir, yaani Muhammad, Ahmad na al-Hasan, waliokuwa Baghdad katika karne ya 9, waliandika risala mahususi juu ya chombo kinachopiga zumari chenyewe. Maji husukuma hewa, na pipa lenye meno huzunguka likifungua na kuziba matundu ya zumari. Mwaka 1206 al-Jazari, aliyewatumikia watawala wa Kiartuqi huko Diyarbakir, alikamilisha kitabu chake cha hila za ufundi, na ndani yake mna mashua yenye sanamu za wanamuziki wanaoendeshwa na vigingi vya pipa. Pipa lenye meno, safari hii dogo na la shaba, ndilo pia moyo wa visanduku vya muziki vya Uswisi, tangu Antoine Favre wa Geneva alipoonyesha mwaka 1796 kwamba ndimi nyembamba za chuma zikiguswa na misumari midogo hutoa sauti.

Visanduku hivyo vilikuwa na karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko. Karatasi hiyo ilitaja nyimbo kwa mpangilio wake, mara nyingine na majina ya watungaji, na nambari ya chombo. Aliyeiandika alijua kwamba misumari ile haisomeki kwa jicho. Mtu anaweza kulitazama pipa siku nzima asijue limebeba nini. Karatasi ndiyo iliyosema.

Vyombo vya jamii hii vilifika Unguja. Bibi Salme binti Said, katika kumbukumbu zake alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886, anaeleza mabaraza ya jioni nyumbani kwa baba yake, Sayyid Said. Watu wa nyumba hukusanyika, kahawa hupita, na mara nyingine hupigwa kisanduku kikubwa cha muziki kutoka Ulaya. Au huitwa Amra, mwanamke wa Kiarabu asiyeona, mwenye sauti nzuri, akaimba. Tutamrudia Amra mwishoni.

Karatasi yenye matundu

Pipa lilikuwa ghali na halikuweza kubeba nyimbo nyingi. Karatasi ilikuwa rahisi. Mwaka 1895 Edwin Votey wa Detroit alitengeneza chombo kilichokuja kuuzwa kwa jina la Pianola, na baada ya miaka michache kinanda cha kujipiga kilikuwa katika sebule nyingi za Marekani na Ulaya. Mpigaji anakanyaga pedali, mivukuto inavuta hewa, na gombo la karatasi linapita juu ya upapi wa shaba wenye safu ya matundu. Kila tundu la karatasi linapokutana na tundu la upapi, hewa hupenya, kijivukuto kidogo husinyaa, na nyundo hupiga uzi. Anayejua kinanda cha mvukuto cha taarabu hahitaji maelezo zaidi: ni hewa ile ile, ila vidole vimeondolewa na mahali pao pamewekwa karatasi.

Mwanzoni kila kiwanda kilitoboa kwa kipimo chake, na gombo la huyu halikuingia katika chombo cha yule. Mwaka 1908 wenye viwanda walikutana Buffalo, katika jimbo la New York, wakakubaliana: karatasi ya inchi 11 na robo kwa upana, yenye nafasi 65 au 88. Nafasi 88 ni idadi ya vibao vya piano nzima. Tangu hapo gombo likawa bidhaa inayoweza kusafiri, kuazimwa, kuuzwa mtumba na kurithiwa.

Kabla ya matundu kuanza kuna kipande cha karatasi kisichotobolewa, kile kinachoshikwa na kuvutwa hadi kwenye ndoana. Humo ndimo mlimobandikwa au kuchapwa lebo, na lebo nyingine ndogo ikawekwa kwenye ncha ya bweta ili gombo lijulikane likiwa rafuni. Lebo hutaja nambari ya gombo, jina la muziki, mtungaji, aliyepiga au aliyepanga, na kasi. Kasi iliandikwa kwa tarakimu: 70 maana yake karatasi ipite futi 7 kwa dakika. Magombo mengine yalichorwa mstari mwekundu wa kufuatwa kwa mshale, ili mwenye nyumba aharakishe na kupunguza mahali panapostahiki.

Tunaomba msomaji aitulie tarakimu hiyo ya kasi. Matundu yanasema noti ipi na muda wake ukilinganishwa na jirani yake. Hayasemi muziki wote uende kwa kasi gani. Ikichanika lebo ya kasi, wimbo wa maziko waweza kupigwa kama wimbo wa harusi, na karatasi isitoe hata neno la kupinga. Hapa ndipo panapoporomoka dhana kwamba muziki umo ndani ya matundu na lebo ni maneno ya muuzaji tu. Lebo ni sehemu ya muziki wenyewe.

Mizani ya wapokezi

Wanazuoni wetu walipokusanya Hadithi hawakuuliza tu nini kimesemwa. Waliuliza nani kasikia kwa nani, walikutana wapi, mpokezi huyu kumbukumbu yake ikoje, na je, aliwahi kuficha jina la aliyemsikia. Hatuulinganishi wimbo na Hadithi, hasha. Tunaazima mizani tu, kwa sababu ni mizani yetu, na kwa sababu waandishi wengi wa muziki wa magombo wanaihitaji wala hawana ya kwao iliyo bora kuliko hii.

Tuanze na sanadi iliyo karibu ya kuwa njema. Mwaka 1904 kampuni ya Welte ya Freiburg, Ujerumani, ilitoa chombo kilichoitwa Welte-Mignon, kazi ya Edwin Welte na shemeji yake Karl Bockisch. Magombo yake, mengi ya karatasi nyekundu, hayakubeba noti peke yake. Yalibeba pia amri za kukaza na kulegeza nguvu ya mpigo, kama alivyopiga msanii mwenyewe. Grieg alipiga, Saint-Saëns alipiga, Debussy alipiga. Tarehe 9 Novemba 1905 Gustav Mahler aliketi mbele ya chombo hicho huko Leipzig akapiga vipande vinne vya muziki wake, na hakuna sauti nyingine yake iliyobaki duniani. Mpokezi yupo, mahali papo, tarehe ipo, nambari ya gombo ipo.

Hata hivyo, tunapozisikiliza sahani zinazouzwa kwa kichwa cha habari kwamba Mahler anapiga Mahler, tunasita. Baina ya vidole vya Leipzig na masikio yetu wamo wapokezi wengine. Yumo aliyelihariri gombo kiwandani. Yumo aliyenakili karatasi. Yumo fundi wa leo aliyekitengeneza chombo, na kukitengeneza maana yake ni kuamua nguvu ya mvuto wa hewa na kasi ya karatasi. Imo piano yenyewe, ambayo si piano ya Leipzig. Ndiyo maana gombo lile lile likitolewa na watu wawili huweza kuwa na dakika tofauti na hisia tofauti. Njia kamili ya Welte ya kunasa nguvu ya mkono iliwekwa siri na wenyewe, na kiwanda cha Freiburg kiliteketea kwa mabomu mnamo Novemba 1944. Kwa hali hiyo mtoaji wa sahani analazimika, kwa amana, kumwambia msikilizaji nambari ya gombo, aina ya chombo, na nani aliyekiweka sawa. Sahani nyingi hazisemi. Zina picha kubwa ya mtungaji mwenye miwani, na kimya. Matini inaweza kuwa sahihi. Sanadi imekatika, na aliyeikata ni mchapishaji.

Wa pili ni George Gershwin. Alianza kupiga kwa ajili ya magombo mwezi Januari 1916, akiwa na miaka 17, katika kiwanda kilichokuwa East Orange, New Jersey. Baadhi ya magombo yake yalitoka na jina lake. Mengine yalitoka na majina Fred Murtha, Bert Wynn na James Baker. Watu hao hawakuwepo. Kiwanda kilitaka mnunuzi aamini kwamba kuna kundi kubwa la wapigaji. Elimu ya wapokezi ina jina la kosa hili: tadlisi, yaani mtu kumtaja aliyepokea kwake kwa jina lisilojulikana ili hali halisi isigundulike. Tadlisi ya kiwanda kile haikumdhuru mtu sana, tena wakusanyaji wa leo wameigundua. Lakini waliigundua kwa nini? Kwa kulinganisha lebo, nambari zake na orodha za kiwanda. Lebo iliyodanganya ndiyo hiyo hiyo iliyotoa ushahidi wa kuusahihisha uongo wake. Kama ingebanduliwa, hata uongo tusingekuwa nao wa kuuchunguza.

Gershwin huyo huyo anatupa mfano mwingine ulio mzito zaidi. Alipiga Rhapsody in Blue kwa magombo ya Duo-Art, na humo alipiga sehemu ya piano pamoja na sehemu ya okestra, zote kwa pamoja. Mwaka 1976 kondakta Michael Tilson Thomas alirekodi muziki huo na Columbia Jazz Band: matundu ya okestra yalizibwa, yakabaki ya piano tu, na wanamuziki walio hai wakapiga nyuma ya mtu aliyekufa mwaka 1937. Kazi ile ina mvuto. Kasi yake inashtua, na wanamuziki wanasikika wakikimbia nyuma ya karatasi isiyojua kusubiri. Tuliifurahia, na bado tuna mashitaka mawili. La kwanza, ilitangazwa kuwa gombo la mwaka 1925, ilhali nusu tu ya muziki ndiyo iliyotoka mwaka huo, nayo ni nusu ya mwisho; nusu ya mwanzo ilitoka mwaka 1927. La pili, Gershwin alipokuwa akipiga peke yake mikono miwili ya okestra na piano, alikuwa akijisubiri mwenyewe na kujibizana na mwenyewe. Ukiondoa nusu ya mazungumzo, aliyebaki hazungumzi tena, anasoma. Kinachoitwa Gershwin pale ni Gershwin aliyekatwa. Lebo ya sahani ilipaswa kusema hivyo, na haikusema.

Wa tatu ndiye anayetugusa zaidi. J. Lawrence Cook, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Tennessee mwaka 1899, alifanya kazi miongo kadhaa na kampuni ya QRS na kutengeneza maelfu ya magombo, huku akiwa pia na kazi katika posta ya New York. Alikuwa na kipaji cha nadra: alimsikiliza mpiga piano, kisha akatoboa karatasi kwa namna ya mpiga piano yule, hata kwa mtindo wa Fats Waller. Magombo yake hayakubeba jina lake siku zote. Mengine yalitoka na majina ya kubuni, kama Sid Laney, na mengine yalitoka na majina ya watu maarufu kuliko yeye. Hivyo huenda mtu amelala na kuamka miaka thelathini akiipenda mikono ya bwana fulani, na mikono ile ni ya Cook. Hapa tadlisi imepita mpaka. Kule Gershwin aliongezewa majina. Huku mtu ameondolewa la kwake.

Wapo wanaosema: kuna tofauti gani, maadamu muziki ni mzuri? Tunawajibu kwa swali. Kama fundi wa milango ya Unguja aliyechonga maua na mnyororo kwenye upamba wa nyumba ya babu yako angetajwa kwa jina la tajiri mwenye nyumba, ungesema mlango ni mzuri basi yatosha? Anayejua historia ya familia zetu anajua ni nani ambao majina yao huwa ya kwanza kupotea.

Je, gombo ni maandishi?

Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya White-Smith dhidi ya Apollo. Wachapishaji wa noti walidai kwamba aliyetoboa wimbo wao kwenye karatasi ameunakili. Mahakama ilikataa. Gombo, ilisema, haliwezi kusomwa na mtu kwa macho. Ni sehemu ya mashine, si nakala ya muziki. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria mpya, na mtungaji akapata haki ya senti mbili kwa kila gombo.

Kwa mkato wa sheria ya zama zile hukumu hiyo ilieleweka. Kwa jicho la ukosoaji ilikuwa kosa, na waliothibitisha kosa hilo ni wapenzi wa magombo wenyewe. Conlon Nancarrow, aliyezaliwa Texarkana mwaka 1912 na kuhamia jiji la Mexico mwaka 1940, alitunga kwa kutoboa karatasi moja kwa moja kwa mkono, muziki ambao vidole vya mwanadamu haviwezi kuupiga. Kwake karatasi haikuwa nakala ya muziki wala sehemu ya mashine. Ilikuwa muswada. Na muswada una haki zake: haukatwi pembezoni na haubanduliwi jalada.

Tunawapongeza walioielewa haki hiyo. Chuo Kikuu cha Stanford, ambacho mwaka 2014 kilipata mkusanyo mkubwa wa Denis Condon wa Australia, wenye magombo zaidi ya 7,500, hupiga picha ya gombo zima, tangu kipande cha mwanzo chenye lebo hadi mwisho wa karatasi, pamoja na michaniko na maandishi ya kalamu ya wenye nyumba. Anayetaka sauti anaipata. Anayetaka kujua sauti hiyo ilitoka wapi naye anapata. Hivi ndivyo tungependa kila kitu chetu kifanyiwe.

Lebo ya Sheikh wa Arabuni

Kuna namna nyingine ya lebo ambayo wasomaji wetu wa Ghuba na Uingereza wataijua mara moja. Katika masoko ya vitu vya zamani hukutwa magombo yenye majina ya Mashariki: Hindustan, wa mwaka 1918, Dardanella, wa mwaka 1919, na The Sheik of Araby, wa mwaka 1921, uliofuata mkumbo wa filamu ya Valentino. Tumewahi kuoneshwa gombo kama hilo na muuzaji aliyeliandika "muziki wa Kiarabu". Tulisoma lebo: foksitroti, dansi ya New York. Mtungaji wake ni Ted Snyder, na hakuna Mwarabu aliyeligusa.

Tusicheke tukaondoka. Piano ina sauti kumi na mbili katika kila ngazi. Mtu wa taarabu au wa udi anajua kwamba sauti ya tatu ya maqam Rast haikai juu ya kibao cheusi wala cheupe; inakaa baina yake. Suala hilo lilijadiliwa kwa ukali katika Mkutano wa Muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932, ambako waliohudhuria walibishana kama piano ina nafasi katika muziki wa Kiarabu au haina. Gombo la nafasi 88 lilikuwa limekwisha kujibu swali hilo bila kumuuliza mtu: lisiloingia katika tundu halipo. Kwa hiyo magombo hayo yaliweza kubeba jina la Arabuni, wala yasiweze kubeba Rast. Lebo ilisema Sheikh, matundu yakasema New York. Anayesoma vyote viwili anajifunza historia ya jinsi tulivyotazamwa. Anayesikiliza tu anasikia dansi ya kuchangamsha, na anayesoma tu anadanganyika.

Ndiyo sababu muziki wetu haukupita njia ya gombo. Ulipita njia ya sahani, ambayo haikuchagua sauti. Mwaka 1928 Siti binti Saad na kundi lake walisafiri kwenda Bombay kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice, na sauti ya mwambao ikarudi nyumbani imezungushwa kwenye sahani nyeusi. Sahani hizo nazo zina karatasi katikati, na karatasi hizo zinastahiki mizani ile ile. Je, lebo inamtaja mwimbaji tu, au na waliompigia? Sisi tunawajua Maalim Shaaban, Subeti bin Ambari, Buda na Mbaruk kwa kuwa wazee walisimulia na waandishi wakaandika. Mkusanyaji wa Ulaya mwenye sahani mkononi na bila wazee anategemea karatasi tu. Na mjukuu aliyezaliwa London au Muscat, ambaye wazee wake wamekwisha kutangulia, yuko katika hali ile ile ya mkusanyaji wa Ulaya. Tofauti ni kwamba yeye anaumia.

Tunayowaomba wenye masanduku

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu mambo machache, wakiwa na gombo, sahani au kanda. Kabla ya kitu kutoka nyumbani kwenda kwa fundi, kipigeni picha: bweta na ncha zake, mfuko na pande zake mbili, lebo, na nambari zilizochongwa kwenye sahani karibu na lebo. Kama ni gombo, pigeni picha kipande cha mwanzo chote na cha mwisho chote. Mwambieni fundi kwa maandishi kwamba lebo isiloweshwe na mfuko usitupwe, hata kama umeliwa. Michaniko ya karatasi msiizibe kwa selotepu. Gundi yake hukauka, hugeuka rangi, na hula karatasi. Jina la bibi lililoandikwa kwa penseli, bei ya rupia au shilingi, muhuri wa duka, tarehe ya harusi iliyoandikwa pembeni, hayo yote si uchafu. Ni wapokezi.

Na kwa watoaji wa sahani na mafaili, wakubwa kwa wadogo, tunasema: andikeni mnachokijua, na pale sanadi ilipokatika andikeni kwamba imekatika. Aliyeandika "mpigaji hajulikani" amefanya kazi ya elimu. Aliyeweka picha nzuri juu ya pengo amefanya kazi ya biashara.

Tulisema tutamrudia Amra. Kile kisanduku cha muziki kilichokuwa kikipigwa nyumbani kwa Sayyid Said kilikuwa kitu cha thamani, na huenda kilikuwa na karatasi yake ndani ya kifuniko, yenye orodha ya nyimbo kwa mwandiko wa Kizungu. Bibi Salme hakutuandikia hata wimbo mmoja wa kisanduku hicho. Amra hakuwa na pipa wala gombo wala sahani, na sauti yake ilikwisha baraza lilipovunjika. Lakini mtoto aliyekuwa ameketi pale alilishika jina lake, akavuka nalo bahari, na miaka mingi baadaye, akiwa mjane ugenini, akaliandika katika kitabu. Kwa maneno machache tu tunajua jina lake, asili yake, kwamba hakuona, na kwamba sauti yake ilikuwa nzuri. Hiyo ni lebo iliyohifadhika bila ya sauti.

Familia iliyotuletea nyimbo thelathini na nane ina sauti bila ya lebo. Tumewaandikia kuwaomba wawaulize wazee waliobaki, mmoja baada ya mmoja, wakiwapigia wimbo kwa simu. Juma lililopita shangazi mmoja aliyeko Dubai aliusikia wimbo wa kumi na mbili akataja jina la mwimbaji kabla ya ubeti kwisha. Jina limeandikwa, na jina la shangazi limeandikwa chini yake.